Mwipwa Haibi

Kolwezi, tarehe 11 Januari 2024

Yaya Mushiya,

Dada yangu, pokea salamu za nyumba yote. Sisi tuko wazima. Goti la wifi yako Charlotte limevimba tena tangu Noeli, lakini anatembea na anagomba, kwa hiyo sina hofu. Mvua imeangusha ukuta wa choo upande wa jirani. Tumeujenga upya kwa matofali ya kuchoma. Kazini naendelea kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na watu wanaendelea kunifichia mita zao chini ya masufuria. Natumaini shule imefunguliwa huko na kwamba darasa lako safari hii lina paa.

Nakuandikia kwa sababu simu yako bado iko kisimani, na kwenye simu ya kuazima mtu hasemi mambo yake. Barua hii anaileta Yassini, dereva wa lori la chumvi na sabuni. Ni mwaminifu. Anaongea sana, lakini ni mwaminifu.

Habari yenyewe ni ndogo. Jumatatu tarehe 8 kinga yangu iliibwa, ile baiskeli nyeusi ya kazi. Niliiegemeza kwenye geti la nyumba moja nikaingia kusoma mita. Nilipotoka, baada ya dakika nne hivi, haikuwapo. Kesho yake ilipatikana sokoni, na mtu aliyekuwa nayo alikamatwa. Nimerudishiwa ikiwa nzima, isipokuwa kengele. Yule mtu aliachwa aende zake. Jambo limekwisha.

Nina swali moja. Mwanao Badibanga alipoondoka kwako mwaka 2021, aliondoka na nani? Kuna rafiki yake yeyote anayeweza kujua jina lako, na jina la marehemu mama yetu? Kama huna nafasi ya mengine, nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Ngeleka

*

Sandoa, tarehe 4 Februari 2024

Ndugu yangu Ngeleka,

Barua yako imenifikia jana, siku ya ishirini na tatu. Lori lilikwama matopeni mara mbili, na mara ya pili walipakua chumvi yote barabarani. Sisi hatujambo. Nina watoto sabini na mmoja darasani na nusu ya paa; mvua ikianza wanahamia upande mmoja, na mimi nafundisha nikiwa nimesimama katikati yao. Mihogo imekubali. Mwambie Charlotte akande goti kwa maji ya moto na chumvi, na apunguze kugomba, maana hasira inashuka magotini.

Yassini alinipa barua kwa mkono na habari kwa mdomo. Hata hakushuka vizuri kwenye lori. Alisema: "Mama Mushiya, furahi! Mutoto yako iko muzima! Banamukamata na kinga ya manseba yake pale soko. Tata Ngeleka mwenyewe alisema mbele ya batu yote: huyu ni mwipwa yangu!"

Niliketi juu ya mfuko wa chumvi.

Miaka miwili na miezi sita, Ngeleka. Neno moja tu nilipata kutoka kwake, Noeli ya kwanza, kwamba yuko Kolwezi na anafanya kazi. Baada ya hapo, kimya. Nawe umeniandikia ukurasa mzima, umeweka ndani yake ukuta wa choo na kengele ya kinga, lakini kwamba umempata mwanangu hukuweka.

Naelewa. Unaona aibu kwa ajili yangu, kwamba nimezaa mwizi. Usione. Umesahau jogoo wa manseba wetu? Ulimkamata siku ya Pasaka bila kuomba, ukamchinja mbele ya mwenyewe, na yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Kila mtu anajua: mtoto wa dada akichukua kitu kwa manseba, mjomba wake, amechukua chake. Mwipwa haibi. Kwa hiyo kama moyo wako bado una neno naye, liache. Mpe hata hiyo kinga.

Nimefagia chumba chake. Nimemwambia mchungaji, na Jumapili ijayo kanisa lote litasimama kuimba. Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake, hata kama ni matusi. Barabara ikikauka, mwezi wa nne, nakuja mwenyewe.

Dada yako,
Mushiya

*

Kolwezi, tarehe 19 Februari 2024

Yaya Mushiya,

Salamu kutoka kwangu na kwa Charlotte. Barua yako nimeipata asubuhi hii, na kuna gari linaloondoka mchana, kwa hiyo sitakuwa na habari za nyumba.

Yule mtu si Badibanga. Naliandika hilo kwanza ili usilitafute mwisho wa ukurasa.

Sasa nakueleza lilivyokuwa. Mafundi wa kinga pale sokoni waliitambua yangu kwa weldi iliyo shingoni, wakamshika aliyekuwa akiiuza. Nilipofika kulikuwa na watu kama mia mbili. Mtu mwenyewe alikuwa chini, uso umejaa damu, na shingoni walikwisha mvika tairi la gari. Petroli ilikuwa ndani ya chupa ya maji. Aliyeishika nilimwona vizuri. Nilikuwa nimesoma mita kwake wiki iliyotangulia.

Yule wa chini alikuwa akipiga kelele: "Mi siko mwizi! Ile kinga ni ya manseba yangu! Mwipwa haibake!"

Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza: "Manseba yako ni nani?"

"Tata Ngeleka wa mita! Mi ni mutoto ya Mushiya wa Sandoa, mujukuu ya mama Tshibola!"

Hapo wakaniona. Wakanisukuma mbele. "Tata Compteur, kuya usome hii mita yako!" Wakacheka tena. Kisha kicheko kikaisha, na mwenye chupa akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Sema tu, tata. Ni mwipwa yako ao hapana?"

Nikasema: "Ni mwipwa yangu."

"Jina?"

"Badibanga."

Nilijua tangu nilipomwona kwamba si yeye. Nilisema hivyo kwa sababu jibu lingine lolote lingewasha kiberiti. Wakamvua tairi. Walikuwa na hasira, kama watu walioitwa harusini wakakuta hakuna chakula. Mama mmoja wa nyanya alimpiga kofi la kichwa akamwambia: "Mwipwa gani anaogopa mulango? Siku ingine ingia, salimia, kula, kisha uibe!"

Nilimpeleka nyumbani. Charlotte alimwosha, akampa ugali. Baadaye akaja kuniambia: "Umeniletea mwizi, na mwizi anasema mboga haina chumvi." Nilimuuliza yule mtu jina lake, hakusema. Nilimuuliza amelijuaje jina la mama yetu. Alisema atanieleza kesho. Asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri na yeye hakuwapo. Hakuchukua kitu. Charlotte alihesabu vijiko.

Tangu siku ile kila Jumamosi na Jumapili namtafuta. Nimekwenda machimboni upande wa Mashamba, nimekwenda Mutoshi, nimeuliza wanaoosha mawe mtoni. Ni vigumu kumtafuta mtu usiyemjua jina. Sikukuandikia haya mwanzoni kwa sababu nilikuwa na neno bila ushahidi. Nilikosea. Niliona neno lile ni la pale sokoni tu; sikufikiri kwamba litapanda lori.

Mwambie mchungaji wewe mwenyewe, kabla watu hawajamwambia.

Ngeleka

*

Sandoa, tarehe 15 Machi 2024

Ngeleka,

Salamu zenu nimezipokea. Za huku utazipata siku nyingine.

Mchungaji nimemwambia. Alisema tuendelee kuomba. Nikamwomba tuendelee bila wimbo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unaandika vizuri, kila kitu kina mahali pake: tairi, chupa, mama wa nyanya. Ndiyo sababu kuna sentensi moja iliyonizuia kila mara. Umeandika: "Nilijua tangu nilipomwona kwamba si yeye."

Ulijuaje?

Mara ya mwisho ulipomwona Badibanga ilikuwa kwenye mazishi ya mama, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Leo ana ishirini na mitano. Unaniambia uso ulikuwa umejaa damu. Mimi niliyemzaa ningelazimika kuuosha kwanza. Wewe ulijua hapo hapo, umesimama, watu mia mbili wakikusukuma.

Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtoto akinipa jibu sahihi bila kunionyesha njia, najua ameliona mahali.

Ulimwona lini?

Mushiya

*

Kolwezi, tarehe 21 Aprili 2024

Yaya Mushiya,

Barua yako ilinifikia tarehe 27 Machi. Nimechelewa wiki tatu na siku nne. Lori halina kosa.

Charlotte anakusalimu. Hajui ninachoandika.

Badibanga alikuja kwangu Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021, saa nne asubuhi. Alikuwa na begi moja la bluu. Alisimama nje ya geti, nami nilisimama ndani, na tulizungumza hivyo. Charlotte alikuwa sokoni. Alisema ametoka Sandoa kutafuta kazi, na aliomba kulala kwangu mpaka aipate. Nikamwambia nyumba imejaa. Haikuwa imejaa. Chumba cha nyuma kilikuwa na mifuko ya saruji na mbao. Mwaka ule nilikuwa nimewachoka ndugu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine, sikuipata.

Akasema: "Basi manseba, uniazime hata kinga, nizungukie kazi." Nikamwambia kinga ni ya kazi yangu. Hakukasirika. Alicheka, akasema: "Bon. Siku moja nitaikamata bila kuomba. Mwipwa haibake." Kisha akaniuliza vijana wanapata kazi wapi. Nilimwambia ajaribu Mutoshi.

Ni mimi niliyemtajia Mutoshi.

Yule mtu nimempata huko huko, Jumamosi iliyopita ile nyingine, tarehe 13. Alikuwa akiosha mawe. Aliponiona hakukimbia, alimaliza kuosha mfuko uliokuwa mbele yake, kisha akaja. Jina lake ni Muteba, mtu wa Dilolo, ana miaka ishirini na minane. Alichimba pamoja na Badibanga, wakalala hema moja.

Yaya, sasa keti.

Badibanga amekufa. Ilikuwa Alhamisi tarehe 17 Februari 2022. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na wengi walikataa kushuka. Wao walishuka wanne. Muteba alibaki juu kushika kamba. Anasema hakusikia kishindo, alisikia kama mtu anayepumua kwa nguvu, na kamba ilipovutwa ikaja nyepesi. Walichimba kwa mikono mpaka jioni. Shimo lile halikuwa na ruhusa ya mtu yeyote, kwa hiyo waliobaki walitawanyika bila kutoa taarifa. Baada ya wiki mbili mashine ilipita ikalisawazisha. Nimekwenda mahali penyewe. Ni uwanja mtupu, wa udongo mwekundu. Nilimwomba anionyeshe tena siku ya pili bila kumwongoza, na alisimama pale pale. Nimeuliza wengine wawili, kila mmoja peke yake. Tarehe zao zinalingana.

Nilimuuliza kwa nini aliiba kinga yangu, ya mtu anayemjua. Nakuandikia alivyosema: "Niliijua, tata. Ulikuwa unapita pale barabara kubwa, na Badi ananionyesha: ule ni manseba yangu, na ile ni kinga yangu. Sisi tunacheka. Hakukuitake hata siku moja. Mwezi wa kwanza nilikuwa na njaa. Nikaiona pale geti. Sina maneno ingine."

Na lile jina? "Banaisha kunivalisha tairi. Badi hakuwa tena na haja na manseba. Mi nilikuwa na haja."

Sasa ndivyo ilivyo. Naweza kumpeleka polisi kwa wizi. Mashahidi ni soko zima. Naweza kumwacha. Kama ingekuwa kinga tu, ningekwisha amua. Lakini aliokoka kwa jina la mwanao, na alijua miaka miwili bila kumtafuta mama yake. Sijui nina haki gani ya kumsamehe, wala ya kukataa. Anasema yuko tayari kuja Sandoa kukueleza kwa mdomo wake. Nimemwambia afanye hivyo. Yassini amekubali kumbeba. Atakapofika, amua wewe. Nitafanya utakavyosema.

Ngeleka

*

Sandoa, tarehe 2 Juni 2024

Ndugu yangu Ngeleka,

Nakusalimu, na namsalimu Charlotte. Nimemwandikia yeye pia, barua yake iko peke yake, usiifungue. Barabara imekauka. Shule imefunga mapema kwa sababu nusu ya paa iliyobaki nayo imeondoka.

Muteba alifika tarehe 9 Mei, juu ya mifuko ya chumvi. Yassini alishusha mizigo bila kusema neno. Watu walidhani anaumwa. Alinipa barua yako. Nilimwambia Muteba asubiri nisome. Akasubiri amesimama. Nilipomaliza, nikamwambia aseme.

Alisema yote, uani, mbele yangu na mchungaji na wanawake waliokuwa wamekuja kumenya mihogo. Hakupunguza. Nilimuuliza mambo matatu. Siku ile asubuhi Badibanga alikula nini? Ugali wa jana na chai. Alikuwa mgonjwa? Hapana, alikuwa na kikohozi kidogo. Aliwahi kunitaja? Akafikiri, akasema: "Alikuwa anasema mama yake ni mwalimu, na eti ulimupigaka yeye kuliko batoto ya wengine, sababu ya hesabu." Nikacheka, Ngeleka. Nilicheka kwa sauti, na wanawake wakanishika mikono wakifikiri akili imetoka. Ni kweli. Nilimpiga kuliko wengine, wasiseme nampendelea.

Siku ile ile tulifungua kilio. Watu walikuja wengi, hata wale walioimba mwezi wa pili. Walileta unga na kuni. Siku ya tatu waliuliza: manseba iko wapi? Nikasema yuko njiani. Siku ya saba waliuliza tena, safari hii wakinitazama. Unajua kwetu. Mtoto wa dada akifa, manseba ndiye anayesimama kusema kifo kilitoka wapi, na manseba ndiye anayewaruhusu watu kurudi nyumbani. Asipokuja, kilio hakifungwi. Wengi wameondoka wenyewe, mmoja mmoja, wakikwepa macho yangu, maana wana mashamba. Wamebaki sita. Mama zake wadogo ni watatu kati yao, na wameapa hawatoki.

Muteba yupo. Anachota maji na kupasua kuni. Wanawake wameanza kumtania; jana Myriam, mdogo wa marehemu mume wangu, alimfokea kwa sababu ya ndoo: "Wewe mwizi, hii maji nusu uliiba njiani?" Akacheka naye. Ni mara ya kwanza nimeona meno yake.

Uliniuliza juu yake, basi jibu ni hili. Asipelekwe popote. Kosa la miaka miwili ya kunyamaza nilimwambia usoni, na alikubali bila kujitetea. Kosa la kinga ni kati yako na yeye, na nadhani unajua zamani utafanya nini. Jina lilikuwa la mwanangu, nami ndiye mwenye kulitoa. Nimemsamehe. Nimemwambia akitaka kwenda aende. Hajakwenda.

Juu yako hukuniuliza.

Nimeitafuta barua yako yote, mbele na nyuma. Umeandika siku, na saa, na rangi ya begi. Umeandika saruji. Hukuniomba kitu. Labda uliona kwamba ukiomba nitakataa, au uliona aibu kuomba karibu na habari ya kifo. Sijui, na sitakisia kwa niaba yako. Sijakusamehe, Ngeleka, na sijakataa. Yule mwingine nilimwona akisema. Wewe nimekusoma tu.

Usinijibu kwa barua. Nitairudisha kwa Yassini bila kuifungua. Panda lori lake. Ukifika usianze kunisalimia mimi. Simama uani mahali ambapo wote sita watakuona, useme kifo kilitoka wapi. Anza Agosti, getini. Sema kwa sauti, maana mmoja wa mama zake wadogo hasikii vizuri. Wakilia, waache walie. Wakikutukana, waache. Wakinyamaza, waruhusu waende nyumbani.

Wakishaondoka wote, ndipo mimi na wewe tutaanza.

Mushiya